Hesabu ya Maharage

Mume wangu Obadia hajawahi kuonja ulanzi,
hata ule mtogwa wa asubuhi, mtamu, wanaopewa watoto.
Nalisema hili mwanzoni
kwa sababu Mafinga nzima inajua ini lake lina mafuta,
na Mafinga ikishajua jambo, imeshalihukumu.

Alirudi kutoka kwenye ultrasaundi,
shati limemganda tumboni kwa ile dawa ya utelezi,
akakaa kwenye gogo nje ya banda la mbao.
"Wameniita mlevi."
Hawakumwita. Walimuuliza tu, mara tatu.
Jumapili iliyofuata kikapu cha sadaka
kilipita mikononi mwa mtu mwingine.

Mimi nilinyamaza. Mimi ndiye ninayelala naye.
Miaka kumi na minne nalala na msumeno:
unakata, unakata, unakereza fundo,
halafu
kimya.
Nje umande unadondoka kutoka kwenye misindano,
ukungu umekaa kizingitini bila kubisha hodi,
na kifua cha mume wangu kimesimama.
Nahesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.
Nikifika thelathini namwita kwa jina la ukoo, "Chengula!"
Anaibuka kama mtu aliyezamishwa,
anavuta hewa yote ya chumba, na yangu pia,
kisha ananilaumu: "Mbona huniachi nilale?"

Nikaweka bakuli uvunguni.
Pumzi ikikatika, punje moja ya maharage.
Usiku wa kwanza usingizi ulinichukua kwenye arobaini.
Usiku wa pili nilikunywa chai ya rangi, kali,
na kulipokucha bakuli lilikuwa limejaa.
Nikayafunga kwenye leso, nikaenda nayo Iringa.

Daktari Lutengano, kijana, hakucheka.
Aliyamwaga mezani, akayasogeza kwa ncha ya kalamu,
mawili mawili, mpaka mwisho.
Akatupa kibanio cha kidole, tulale nacho usiku mmoja.
Karatasi iliyotoka ilikuwa na milima na makorongo,
kama mtu amechora Mufindi akiwa na homa.
"Kila korongo," alisema, "oksijeni imeshuka.
Sisemi hilo ndilo chanzo pekee. Kuna kitambi,
kuna sukari, kuna damu ya ukoo.
Lakini ini linalonyimwa hewa usiku kucha..."

Nikamkatiza. Baba yangu alikuwa mchoma mkaa.
Ukiziba tanuri kwa udongo
moto haufi, wala hauwaki.
Kuni haziwi majivu.
Zinalala mle ndani, nyeusi, nzito,
na moshi unatafuta pa kutokea.

"Karibu hivyo, mama. Mafuta yaliyotakiwa kuungua
yanabaki yamerundikana, na ini linaumia."

Obadia alikuwa anatazama viatu vyake.
"Kwa hiyo si pombe?"
"Si pombe."
"Ni usingizi?"
Akacheka, halafu machozi yakamtoka, mtu mzima,
halafu akaomba yote hayo yaandikwe,
yapigwe muhuri, yapelekwe kwa baraza la wazee wa kanisa.
Daktari akaandika. Muhuri ulikuwa umekauka wino,
akaupulizia pumzi mara mbili ndipo ukakubali.

Mashine ya kumsukumia hewa puani
ina bei ya banda letu na msumeno wake.
Tunaidunduliza.
Kwa sasa nimeshona mfuko mgongoni mwa fulana yake,
nimetia humo koni moja ya msindano:
akilala chali inamchoma, anageuka ubavu.
Kazini anakwenda kwa miguu. Ugali nampimia mimi,
na ananitazama kama hakimu aliyehongwa.

Jana usiku, punje tisa.
Sijui kama tisa ni chache. Nitauliza.

Yale mengine, ya lile bakuli lililojaa, nimeyaloweka.
Yatapikwa kesho kwa karanga na kitunguu.
Nimewaalika wazee wa kanisa, wote saba.
Sitawaambia wanakula nini.